Tulipima wote, majibu hasi, na bado Bibi akaugua. Mwaka huu tupime tena au tuache?

#1 Kitinda Mimba
Wakuu, habari zenu. Nina jambo limeigawa familia yetu, nisaidieni kabla sijakosana na shemeji yangu.

Sikukuu ya mwaka jana tulikutana ukoo mzima nyumbani kwa Bibi, wageni kumi na tisa, siku mbili. Bibi ana miaka 81, ana kisukari na pumu. Mama akatoa amri: kila anayekuja apime korona kwa kile kipimo cha nyumbani, akipige picha, aitume kwenye kundi la familia. Tukatuma. Picha kumi na tisa, zote mstari mmoja. Tukafika, tukakumbatiana, barakoa tukaziacha mifukoni.

Siku ya tatu baada ya kutawanyika, Bibi akaanza kukohoa. Siku ya tano amelazwa na mpira wa oksijeni puani. Wakampima, korona. Alipona, na sasa hivi anapiga simu na kugomba kama zamani. Lakini wengine wanne tuliumwa pia, na mimi nikiwemo.

Mwaka huu Mama anataka tupime tena. Shemeji anasema vipimo ni kiini macho, "tulipima na vilitusaidia nini?" Mimi nimekosa jibu la kumpa. Kama wote tulikuwa hasi, virusi vilitoka wapi?

#2 Sina Haraka
Mlipima lini? Hilo hujalisema, na nadhani ndipo mchawi alipo.

#3 Kitinda Mimba
Kila mtu na siku yake, mkuu. Mimi siku mbili kabla. Mama asubuhi ile ile. Kaka yangu mkubwa alipima siku nne kabla, alisema anataka kumalizana nalo.

#4 Kijana wa Juzi
Siku nne! Huyo alipima korona ya wiki iliyopita 😂

#5 Mpimaji
Nipo maabara miaka mingi, ngoja niseme kidogo.

Kipimo cha nyumbani kinatafuta protini ya kirusi, ile inayoitwa antijeni. Ili mstari wa pili utokee, lazima virusi viwe vingi puani muda ule unapoingiza kijiti. PCR, kile kipimo cha maabara, ni habari nyingine: inachukua kipande kidogo cha vinasaba na kukirudufu, viwili, vinne, vinane, mizunguko 35 mpaka 40, hadi kionekane. Ndiyo maana PCR inamnasa mtu mapema, na ndiyo maana inaweza kumwonyesha chanya wiki kadhaa baada ya kupona, wakati kilichobaki ni mabaki tu. Kipimo cha haraka hakirudufu chochote. Kisipokiona, hakijakiona.

Sasa piga hesabu ya siku. Aina za mwanzo za korona, tangu mtu aambukizwe hadi aanze kuumwa, zilichukua wastani wa siku kama 5. Omicron iliyoibuka mwishoni mwa 2021 ikapunguza hadi kama 3. Na mtu huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Kaka yako angeweza kuambukizwa baada ya kupima, virusi vikazaliana njiani, akafika kwa Bibi akiwa amejaa, na picha yake bado inasema mstari mmoja. Picha haikudanganya. Ilikuwa imepitwa na wakati tu.

#6 Bwana Hesabu
Nakuongezea tarakimu, Mpimaji. Kuna mapitio ya Cochrane ya 2022 yaliyokusanya tafiti nyingi za hivi vipimo vya haraka. Kwa wenye dalili, kipimo kiliwanasa kama 73 katika kila 100 wenye virusi. Kwa wasio na dalili, kama 55 tu. Na wanaokwenda kwenye sikukuu wakijiona wazima ni hao wa kundi la pili.

Tuseme kati ya wale kumi na tisa, wawili walikuwa na virusi na hawajijui. Kila mmoja ana nafasi 45 kwa 100 ya kuponyoka. Wote wawili kuponyoka: 0.45 mara 0.45, ni kama 0.2. Yaani katika familia tano za namna hiyo, moja itapata picha safi tupu huku wenye virusi wawili wakiwa ndani. Na mwenye virusi akiwa mmoja tu, karibu nusu ya familia zitadanganyika. Mleta uzi, hamkulogwa. Ni hesabu ya kawaida.

#7 Nuktambili
Asante Bwana Hesabu kwa kuthibitisha kwamba shemeji yuko sahihi. Nafasi 55 kwa 100 ni sawa na kurusha sarafu.

#8 Bwana Hesabu
Si sawa hata kidogo. Sarafu haimjui mgonjwa wala mzima. Ukirusha sarafu kwa watu kumi na tisa, utawarudisha nyumbani tisa au kumi, wengi wao wazima kabisa. Kipimo hiki kikimkuta mtu mzima, mara 99 katika 100 kinamwachia. Udhaifu wake uko upande mmoja. Ni kama jirani: akisema "umo", msikilize, akisema "humo", msikilize nusu. Jirani wa namna hiyo ungemfukuza?

#9 Mama Wawili
Mimi sina hesabu, nina kisa. Sisi tulipimana mlangoni, kila mtu alipofika, kabla hajaingia. Mpwa wangu, kijana wa miaka 20, alikuwa anacheka, hana hata chafya. Maelekezo yanasema usubiri dakika 15. Kwake mstari wa pili ulitokea dakika ya nne, umekolea kuliko ule wa kwanza. Nilikuwa nimeshika simu nahesabu muda, nikamwona anaangalia kile kidude kama amekuta barua isiyo yake. Akakaa kwenye gari, tukampelekea kiti dirishani, akashiriki sikukuu kwa kupiga kelele kutoka nje. Kesho yake homa.

Baba yangu alikuwa anatumia dawa za kushusha kinga kwa ajili ya figo. Nikifikiria kijana angekaa naye kochi moja siku nzima, mwili unanisisimka. Kwa hiyo anayesema vipimo ni kiini macho aje nimwonyeshe lile gari.

#10 Fundi Redio
Tuongelee mikono ya wapimaji. Nimeshuhudia mtu mzima anagusisha kijiti kwenye mlango wa pua kama anapaka mafuta, halafu anasema "hasi!" Unaingiza sentimita mbili hivi, unazungusha ukisugua ukuta wa pua, tundu zote mbili, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi. Matone yahesabiwe, usimimine.

La pili ni joto. Vipimo vingi vimeandikwa vikae kati ya nyuzi 2 na 30. Kuna watu wananunua pakiti, inashinda juma zima ndani ya gari juani, halafu wanategemea miujiza. Mleta uzi, rudi kwenye zile picha. Je, mstari wa C upo kwenye zote? Bila huo, kipimo kimeharibika, si hasi wala chanya.

#11 Kitinda Mimba
Fundi, umenifanya nifukue kundi la familia hadi mwaka jana. Mstari wa C upo kwenye zote. Ila nimegundua kitu ambacho sijui nicheke au nilie.

Picha ya Mjomba na picha ya mkewe ni ile ile. Meza moja, alama ya kikombe pale pale, kipimo kimelala upande ule ule. Ya Mjomba imekatwa pembeni kidogo tu.

#12 Kijana wa Juzi
😂😂😂 Walipima kama mke na mume, mwili mmoja!

#13 Sina Haraka
Uzi umepata mtuhumiwa.

#14 Kitinda Mimba
Nimempigia Mjomba. Anasema kipimo kilikuwa kimebaki kimoja, akapima mkewe, na "kwa kuwa tunalala chumba kimoja, akiwa nayo yeye ninayo mimi." Amekata simu akiwa amenuna.

#15 Mpimaji
Hoja ya Mjomba inachekesha lakini ina mbegu ya ukweli: wanaoishi pamoja mara nyingi huambukizana. Mara nyingi, si kila mara, na si siku moja. Mmoja anaweza kutangulia kwa siku tatu. Kipimo hakigawanywi.

#16 Chura wa Kisimani
Mnamsulubu Mjomba bure. Mimi nasema ni safari. Watu kumi na tisa wamepanda magari yaliyofungwa vioo, wamebanana na abiria wasiowajua. Kwanza hata ikulu ya Marekani, wenye vipimo vya kila aina, walishindwa. Wageni walipimwa kabla ya ile hafla ya bustanini Septemba 2020, Trump akaambukizwa palepale na watu kibao.

#17 Bwana Hesabu
Rekebisha kidogo, Chura. Hafla ilikuwa tarehe 26 Septemba, na ni kweli wageni kadhaa walikuja kukutwa na virusi. Trump alitangaza usiku wa kuamkia 2 Oktoba. Lakini kwamba aliambukizwa palepale hakuna aliyethibitisha; siku zile alikuwa na shughuli nyingi. Kinachobaki cha kujifunza ni kimoja: walipimwa mlangoni kwa kipimo cha haraka, wakavua barakoa, wakakaribiana, kulikuwa na vikao vya ndani pia. Ndicho mlichofanya nyinyi.

#18 Chura wa Kisimani
Nimepokea. Ila safari yangu siiachi.

#19 Ua la Asubuhi
Samahani, nauliza kitu cha kijinga. Wageni kumi na tisa walipima. Bibi mwenyewe alipima?

#20 Kitinda Mimba
...

Hapana. Hakuna aliyemfikiria. Yeye ndiye tuliyekuwa tunamlinda.

#21 Ua la Asubuhi
Na waliokuwa wanaingia kwake juma lile? Majirani? Anayemsaidia kazi?

#22 Kitinda Mimba
Kuna dada anamsaidia, huja asubuhi anaondoka jioni. Hakupimwa. Majirani nao huwa hawabishi hodi.

#23 Mama Wawili
Nilijua tu tutafika kwa msaidizi. Watu kumi na tisa wametoka pande zote, mmoja kapima siku nne kabla, mwingine katuma picha ya mkewe, halafu lawama inatafuta pa kuangukia kwa binti anayelipwa na hayupo hapa kujitetea.

#24 Ua la Asubuhi
Sijamlaumu, dada. Nimeuliza kwa nini familia ilipima upande mmoja wa mlango.

#25 Sina Haraka
Turudi kwenye tarehe. Mleta uzi, kati ya nyinyi watano mlioumwa, nani alianza?

#26 Kitinda Mimba
Kaka. Siku moja kabla ya Bibi. Mimi nilianza siku moja na Bibi, wengine wawili kesho yake. Na sasa mmenikumbusha: Kaka alikuwa anapiga chafya tangu siku ya kwanza pale. Alisema ni vumbi la safari, kwamba ana mzio. Tukacheka, tukampa kitambaa.

#27 Mpimaji
Basi huyo hakuanza siku moja kabla ya Bibi. Huenda alianza siku ileile ya chafya, na kipimo kilitakiwa kirudiwe pale pale. Mwenye dalili anaponyoka kwa nadra zaidi, tazama tarakimu za #6.

Mnakumbuka ile kwaya ya jimbo la Washington, Marekani? Tarehe 10 Machi 2020 walikuwa na mazoezi, watu 61, kama saa mbili na nusu mfululizo. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua ya kawaida. Waliougua jumla walikuwa 53, na wawili wakafariki. Mtu mmoja, "mafua tu".

#28 Nuktambili
Wale walikuwa wanaimba ndani ya ukumbi, wakipumua kwa nguvu. Familia haiimbi. Kwangu mimi suala ni hewa, si vijiti. Fungueni madirisha, kaeni nje, mwenye chafya abaki kwake. Hivyo vitatu havihitaji kipimo, havihitaji picha, na Mjomba hawezi kuvighushi.

#29 Kitinda Mimba
Nuktambili, hujawasikia ukoo wangu wakibishana. Kwaya ina nafuu.

#30 Fundi Redio
Nuktambili ana hoja kwenye hewa. Lakini "mwenye chafya abaki kwake" haimgusi yule asiye na dalili. Ile meli ya Diamond Princess Februari 2020, watu 3,711 ndani, 712 wakakutwa na virusi, na karibu nusu walipopimwa hawakuwa na dalili yoyote. Hao dirisha litawapunguzia makali, sawa, ila bila kipimo huwajui.

#31 Kipepeo22
Mimi nimesikia ukichanjwa karibuni kipimo kinaonyesha mistari miwili. Ni kweli? Maana shangazi yangu anatumia hiyo sababu kukwepa vyote viwili.

#32 Mpimaji
Si kweli. Chanjo unachomwa begani, kijiti kinasugua pua. Na chanjo nyingi zinaufundisha mwili kuitambua protini ya miiba ya nje ya kirusi, wakati vipimo vingi vya nyumbani vinatafuta protini nyingine ya ndani. Mwambie shangazi atafute sababu mpya.

#33 Kijana wa Juzi
Wanaotaka sababu ya kukwepa wakwe: mwaka 2021 watoto wa shule Uingereza walikuwa wanadondoshea soda na maji ya machungwa kwenye kipimo, mistari miwili inatokea, wanabaki nyumbani. Sijasema mfanye.

#34 Mpimaji
Ni kweli, tindikali inavuruga kemikali za kwenye ule ukanda. Ukiosha kwa majimaji ya kipimo na kurudia, uongo unaonekana. Sasa nimeharibu.

#35 Kijana wa Juzi
Umeharibu, mkuu.

#36 Sina Haraka
Kwa mwaka huu basi: pimeni mara mbili. Nakumbuka mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishasema hivyo. Moja siku mbili kabla, ya pili asubuhi ya siku yenyewe.

#37 Bwana Hesabu
Umekaribia sana. Agosti 2022 FDA walisema mbili, saa 48 katikati, kwa mwenye dalili. Asiye na dalili ni tatu, kila moja saa 48 baada ya nyingine. Kwa wageni kumi na tisa hiyo ni vipimo 57. Vya Bibi ukiongeza, 60.

#38 Nuktambili
Sitini! Hapo si sikukuu tena, ni kampeni ya taifa.

#39 Mama Wawili
Ukiwa na kimoja tu kwa kila mtu, kitumie mlangoni, usikitumie siku nne kabla ili upate picha ya kutuma. Kwangu ndicho kilichofanya kazi.

#40 Ua la Asubuhi
Mlangoni mtu ameshasafiri. Ukimkuta na virusi utamrudisha usiku huo? Na watu waliokuwa naye kwenye gari? Ndiyo maana wengine hupima nyumbani kwao, ili aibu ibaki kwao.

#41 Mama Wawili
Hilo sikatai. Yule kijana gari lilikuwa lake.

#42 Daktari wa Zamu
Nimesoma wote, nina mawili halafu nirudi kazini. Kwanza, mnasema "kirusi" kana kwamba ni kimoja. Influenza na RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa) nao wanawalaza wazee kila msimu, na kipimo cha korona pekee hakiwaoni. Kuna vipimo vya pamoja vinavyoona korona na influenza A na B. Jibu hasi la korona kwa mtu anayekohoa maana yake si "mzima".

Pili, mnabishana kuhusu kabla, mmesahau baada. Kwa mtu wa miaka 81 mwenye kisukari, kuna dawa za kumeza za korona zinazotakiwa zianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili. Bibi alifika hospitali siku ngapi baada ya kikohozi?

#43 Kitinda Mimba
Siku mbili, daktari. Lakini alikuwa amekohoa usiku akificha, alituambia baadaye. Kipimo kilikuwepo kabatini. Hakuna aliyekumbuka kumpima, tulidhani ni pumu yake.

#44 Daktari wa Zamu
Basi kama una viwili tu vya ziada, hivyo ndivyo vya Bibi. Siku ya kikohozi cha kwanza, kisha kesho yake tena hata kama ni hasi. Na mjue mapema nani wa kumpigia simu; dawa zile hugombana na baadhi ya dawa za kawaida za wazee.

#45 Chura wa Kisimani
Dawa zenyewe si ndizo zilizomrudishia Biden ugonjwa?

#46 Bwana Hesabu
Julai 2022, kweli: alipona, akapimwa hasi, siku chache baadaye chanya tena. Lakini kurudi kwa namna hiyo kumeonekana hata kwa wasiomeza dawa yoyote. Hakulazwa.

#47 Kitinda Mimba
Mrejesho, wakuu. Tumekaa kikao kwa simu. Mama anataka mlangoni. Kaka anasema yeye alikuwa na mzio na hatakubali kuitwa muuaji. Shemeji amesoma uzi huu, anasema #28 ndiye mwenye akili pekee humu. Mjomba hajapokea simu. Bibi akaingilia, akasema apimwe yeye kwanza, mbele ya wote, ndipo aone nani atakataa.

#48 Mama Wawili
Bibi apewe uenyekiti.

#49 Kitinda Mimba
Narudi haraka, nina tatizo. Sikukuu ni kesho kutwa, nimepima asubuhi hii. Ukikiweka mezani ni mstari mmoja. Ukikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, kuna kitu kama kivuli cha pili pale kwenye T, mahali pa mstari wa chanya. Sina dalili. Mke wangu anasema haoni kitu, mwanangu anasema anaona.

#50 Fundi Redio
Mstari hafifu ni mstari. Ukiwa na rangi, hata kama ya maji, hesabu chanya.

#51 Nuktambili
Au ni kivuli cha ukanda wenyewe, kile kijifereji ambacho dawa imelazwa. Kina rangi ya kijivu, si ya waridi.

#52 Mpimaji
Ulikisoma dakika ya ngapi?

#53 Kitinda Mimba
Hapo ndipo pabaya. Nilikiweka nikaenda kuoga, simu ikaita, ikawa Mjomba. Nadhani dakika 50.

#54 Mpimaji
Basi hicho kitupe. Kikishakauka mstari unaweza kujichora wenyewe. Pima upya, uwekee saa, na kesho urudie.

#55 Kitinda Mimba
Kimebaki kimoja, na nilikuwa nimemwekea Kaka.